Wiki moja ya mafunzo ya utamaduni wa usalama mjini Hoima: yanayofaa na yaliyopungua

Chuo kidogo cha mafunzo ya kazi kilichoko pembezoni mwa mji wa Hoima, magharibi mwa Uganda, kimeanza kutoa kozi ya wiki moja kuhusu utamaduni wa usalama katika kazi zenye hatari kubwa, yaani mafuta na gesi, migodi, mabwawa ya umeme, viwanda vya kemikali na usafirishaji wa mafuta kwa malori. Kampuni ninayoifanyia kazi, ambayo ni mkandarasi mdogo wa matengenezo ya pampu na mabomba, ilinipeleka huko pamoja na mafundi kadhaa ninaowasimamia. Ada inapita shilingi milioni moja kwa kila mshiriki, malazi yakiwa juu yako, na kwa kampuni ya kiwango chetu hiyo si fedha ya kutolewa bila maswali. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wasimamizi na wenye kampuni wa ukanda huu wa Bunyoro, pamoja na wenzetu wa Tanzania walioko upande wa pili wa bomba la mafuta, wanaofikiria kupeleka watu wao. Jina la chuo sitalitaja, kwa sababu baadhi ya kasoro nitakazozieleza uongozi wake umesema unazirekebisha, na yeyote anayefuatilia mafunzo ya kazi hapa Hoima atakitambua kwa maelezo.

Hukumu yangu ni kwamba kozi hii ina ubora ambao sijauona katika mafunzo mengine ya usalama niliyowahi kuhudhuria, lakini thamani yake yote inategemea nani ameketi darasani. Ukiwapeleka mafundi peke yao, utakuwa umewafundisha kusema jambo ambalo wakuu wao hawajafundishwa kulisikiliza.

Mahitaji ya mafunzo ya namna hii hapa kwetu yamekua kwa kasi. Mafuta ya kiasi cha kibiashara yalithibitishwa katika bonde la Ziwa Albert mwaka 2006, uamuzi wa mwisho wa uwekezaji, yaani wa kutoa fedha za kuchimba na kujenga, ukatangazwa Februari 2022, na tangu hapo Buliisa, Nwoya, Kikuube na Hoima zimejaa mitambo ya kuchimba, kreni, matangi na malori. Mafuta yenyewe yana nta nyingi na huganda yakipoa, ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 kutoka Kabaale, hapa Hoima, hadi Chongoleani karibu na Tanga limebuniwa kupashwa joto njia nzima. Maana yake kwa fundi ni kwamba pampu peke yake haitoshi kuangaliwa. Kuna umeme, kuna joto, kuna shinikizo, kuna vituo vya njiani, na kila kimoja kina siku yake ya kufunguliwa na kutengenezwa wakati vingine vinaendelea kufanya kazi. Kila mkandarasi anadaiwa vyeti vya usalama kabla ya kupita getini. Kwa hiyo limezuka soko la vyeti, na kozi nyingi zilizomo ni saa chache za kutazama video, jaribio la maswali ya kuchagua, picha ya pamoja mkiwa na helmeti na rifleta, kisha karatasi yenye muhuri.

Kozi hii haikuanza na helmeti. Siku ya kwanza tuligawanywa makundi mawili, zamu ya mchana na zamu ya usiku, tukapewa pampu mbili za kweli zilizofungwa kwenye fremu, ubao wa vibali vya kazi, yaani karatasi zinazoruhusu kazi ya hatari ianze, na rundo la kazi za kumaliza kabla ya saa kumi na mbili jioni. Zamu ya mchana ilifungua vibali viwili kwa pampu moja, kimoja cha ukarabati wa pampu yenyewe na kingine cha valvu yake ya usalama, ile inayotoa shinikizo likizidi. Walimu walihakikisha kwamba mambo yanaingiliana: simu inalia, mgeni anafika, fundi wa valvu anakosa kreni na kuambiwa arudi kesho. Wakati wa kukabidhiana zamu ulikuwa mfupi kwa makusudi. Zamu ya usiku ilipoingia, pampu iliyokuwa ikifanya kazi ikazimika, na msimamizi wetu akaangalia kibali cha pampu ya pili, akaona kazi ya ukarabati haijaanza, akaamuru iwashwe. Valvu yake ilikuwa imeshaondolewa. Hakukuwa na gesi, bila shaka, ila kengele ililia na darasa zima likanyamaza.

Baada ya hapo ndipo tulipoelezwa kwamba tulichokifanya kiliwahi kutokea kweli. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la mafuta la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, valvu ya usalama ya pampu moja ilikuwa imeondolewa kwa matengenezo na mahali pake pamefunikwa kwa bamba la chuma; zamu ya usiku ilikijua kibali cha pampu lakini haikukijua kile cha valvu; pampu ya pili ilipokwama wakaiwasha ile ya kwanza, gesi ikavuja, ikalipuka. Watu 167 walikufa. Pampu za kuzimia moto zilikuwa zimewekwa katika hali ya kuwashwa kwa mkono ili zisiwavute wapiga mbizi waliokuwa wakifanya kazi chini ya maji, na moto ulipowaka hakuna aliyeweza kuzifikia. Majukwaa ya jirani yaliyounganishwa kwa mabomba yaliendelea kusukuma mafuta na gesi kuelekea kwenye moto kwa muda, wakuu wake wakisita kusimamisha uzalishaji. Uchunguzi ulioongozwa na jaji Lord Cullen ulitoa ripoti mwaka 1990 yenye mapendekezo 106, na mengi yake ndiyo msingi wa taratibu za vibali tunazozifuata leo Buliisa na Kikuube bila kujua zilikotoka.

Nimelieleza zoezi hili kwa urefu kwa sababu ndilo lililobadilisha mazungumzo ya kundi langu. Mafundi wengi wa hapa hukiona kibali cha kazi kuwa karatasi ya watu wa sefti, kitu cha kusainiwa haraka ili kazi ianze. Kwenye zoezi waliona kwamba karatasi zote zilikuwepo, zote zimesainiwa, na bado pampu ikawashwa. Kilichokosekana ni watu wawili kusimama mbele ya mtambo mmoja, anayetoka na anayeingia, na kuambiana kwa midomo yao nini kimefunguliwa na nini hakijafungwa. Mwalimu mkuu, Mtanzania aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mitambo ya gesi kusini mwa nchi yake, alisema kwamba akifika mahali pa kazi asipopajua, huenda kwanza kutazama makabidhiano ya zamu kabla ya kuomba faili lolote. Nakubaliana naye kabisa. Saa hiyo kila mtu amechoka au ana haraka, anayetoka anawaza gari la kumrudisha kambini, anayeingia hajaamka vizuri, na hapo ndipo unapoona kama taratibu zinafuatwa wakati hakuna mkaguzi.

Siku ya pili ilihusu takwimu, nayo niliiona kuwa sehemu muhimu zaidi kwa wenye kampuni. Karibu kila geti la mradi hapa lina kibao kinachohesabu siku zilizopita bila ajali ya kumfanya mtu ashindwe kufika kazini. Walimu hawakukidharau kibao hicho, ila walituonyesha mpaka wa kile kinachoweza kutuambia. Kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texas City nchini Marekani, mlipuko wa tarehe 23 Machi 2005 uliua watu 15 na kujeruhi wengine 180. Mnara wa kutenganisha mafuta ulijazwa kupita kiasi wakati wa kuwashwa upya, vipimo vya kimo cha mafuta ndani yake havikuonyesha hali halisi, na waliokufa walikuwa wafanyakazi wa wakandarasi waliokuwa ndani ya ofisi za muda zilizowekwa karibu mno na mtambo. Jopo huru lililochunguza baadaye lilieleza kwamba kampuni ilikuwa imeyachukua mafanikio yake katika kupunguza majeraha madogo, ya kuteleza na kujikata, kuwa ushahidi kwamba mitambo yenyewe iko salama. Miaka mitano baadaye, tarehe 20 Aprili 2010, wakuu wa kampuni hiyohiyo walikuwa ndani ya mtambo wa kuchimba wa Deepwater Horizon katika Ghuba ya Mexico, na mojawapo ya shughuli za siku hiyo ilikuwa kuwapongeza wafanyakazi kwa miaka saba bila ajali ya kupoteza siku za kazi. Usiku huo kisima kililipuka, watu 11 wakafa.

Somo lililotolewa ni kwamba vidole vilivyokatika na valvu zisizojaribiwa ni hatari za aina mbili, na kuhesabu za kwanza hakukupi habari za pili. Walimu walitutaka kila mmoja aandike ni vipimo gani kampuni yake inafuatilia kuhusu afya ya mitambo: ni vibali vingapi vilikaguliwa kazini wiki hii na vingapi vilikutwa na kasoro, ni vifaa vingapi vya usalama vimepitisha tarehe ya majaribio, ni kengele ngapi zimezimwa kwa sababu zinasumbua, ni matengenezo mangapi yameahirishwa na nani aliidhinisha. Darasani tulikuwa na watu wa kampuni za aina mbalimbali, kuanzia wa malori mpaka wa umeme, na wachache sana waliweza kujaza ukurasa huo. Zoezi hili moja, lenye karatasi na kalamu tu, lingetosha kuhalalisha ada kama mwenye kampuni angekuwepo kulifanya mwenyewe.

Siku ya tatu ilikuwa juu ya kuripoti na juu ya haki, na hapo ndipo nilipoona umahiri wa walimu hawa. Walianza na swali la matukio ya nusura, yale ambayo chuma kimeanguka hatua mbili kutoka kwa mtu na hakuna aliyeumia. Kila mmoja wetu anayajua, na kila mmoja anajua kwa nini hayaandikwi: anayeandika huulizwa alikuwa wapi, amevaa nini, na kwa nini hakuwa mwangalifu. Pale ambapo kundi zima hulipwa posho ya mwisho wa mwezi kama hakuna ajali, anayeripoti huwa amewanyang'anya wenzake fedha za karo za watoto. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini katika mazingira hayo kuficha ndiko kunakolipwa, na mwalimu alisema wazi kwamba posho za namna hiyo zinanunua ukimya. Ninajua kampuni kadhaa za hapa zinazozitoa kwa nia njema kabisa. Wakuu wake wangepaswa kuisikia siku hii.

Kisha tukaigiza. Fundi kijana anamwendea msimamizi aliyemzidi umri sana, kazi imechelewa, na anasema, akionyesha lebo inayopaswa kumtaja aliyezima mtambo: "Mzee, naomba tusimame kidogo. Lebo kwenye swichi ya pampu hii haina jina la mtu." Mara ya kwanza aliyeigiza msimamizi alijibu kama wengi wetu tulivyozoea kusikia: "Nani amekutuma ukague swichi? Shika kazi yako." Darasa likacheka kwa kuitambua sauti ile. Mara ya pili akajibu kwa upole zaidi: "Haya, tumechelewa, lakini angalieni upesi tuendelee." Wengi waliliona jibu hilo kuwa sawa. Mwalimu akawauliza waliosimama pembeni kama wiki ijayo wangethubutu kusimamisha kazi, nao wakakiri kwamba hapana, kwa kuwa neno kuchelewa limeshasemwa, na kijana ndiye aliyebebeshwa lawama. Mara ya tatu msimamizi akasema: "Asante, mwanangu. Wote toeni mikono. Twende tukaangalie pamoja." Akatembea hadi kwenye swichi mbele ya watu wote, na hata baada ya kukuta kwamba mwenye lebo yupo na wino ulifutika tu, akashukuru tena kwa sauti ya kusikika.

Nimeona kozi zinazotumia siku nzima kueleza kwamba kila mfanyakazi ana mamlaka ya kusimamisha kazi, na kadi ndogo ya kuning'iniza shingoni hutolewa kuthibitisha hilo. Kozi hii ilitumia nusu siku kwenye sentensi ya kwanza ya bosi, na nadhani ndipo mahali penyewe. Mamlaka hayo hayatokani na kadi. Yanatokana na kile ambacho kundi lilimwona bosi akimfanyia mtu wa mwisho aliyesimamisha kazi, hasa pale ilipobainika kwamba hakukuwa na hatari, kwa sababu akiaibishwa siku hiyo, siku ya hatari ya kweli hakuna atakayefungua mdomo. Katika jamii zetu, ambapo kumkosoa mkubwa mbele za watu ni jambo zito, mzigo wa kufungua njia uko kwa mkubwa, na walimu walilisema hili kwa heshima bila kuzitukana mila za mtu.

Kuhusu haki, walitupa matukio ya kuamua kama wazee wa baraza. Dereva wa lori amesinzia na kuliangusha lori. Baadaye inajulikana kwamba ratiba ilimtaka aendeshe usiku baada ya kupakia mchana kutwa. Fundi ameruka hatua moja ya utaratibu. Baadaye inajulikana kwamba kila fundi wa zamu zote huiruka kwa sababu ufunguo unaohitajika haupo stoo. Mtu wa tatu amezima kitambuzi cha gesi kwa makusudi ili apumzike na kelele, akijua watu wako ndani ya tangi. Swali tulilofundishwa kuuliza ni kama fundi mwingine mwenye ujuzi uleule, katika hali ileile, angefanya vilevile. Kama jibu ni ndiyo, kumfukuza mmoja hakubadilishi kitu, na ratiba au stoo ndiyo inayohitaji kufanyiwa kazi. Walisisitiza pia kwamba yule wa tatu hawezi kuachwa hivihivi, kwa sababu wafanyakazi hawaheshimu mahali ambapo lolote linasamehewa.

Sehemu ya sheria ilikuwa fupi na kavu, ingawa maudhui yake ni sahihi. Tuliambiwa kuhusu Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006, wajibu wa mwajiri na kazi ya wakaguzi walio chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na kuhusu Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981, unaosema kwamba mfanyakazi anayeondoka mahali pa kazi akiwa na sababu ya msingi ya kuamini kuna hatari kubwa na ya karibu anapaswa kulindwa asiadhibiwe isivyo haki. Mafundi walitaka kujua wampigie nani simu na nini kitafuata. Hawakupata jibu la kuwatosheleza.

Somo la ngazi tano za ukomavu wa usalama, kuanzia kampuni isiyojali mpaka ile ambayo usalama ni sehemu ya kila kazi, ningelipunguza. Tulijaza dodoso, tukajipa alama, na kila kampuni ikajiweka ngazi ya tatu au ya nne. Alama hizo hazina maana kama hazijalinganishwa na majibu ya vibarua wa kampuni hiyohiyo, ambao hawakuwepo.

Mchana uliotumika kwa malori ya mafuta ulinigusa kuliko nilivyotarajia. Juni 2013, katika eneo la Namungoona jijini Kampala, lori la petroli liligongana na gari dogo, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka na zaidi ya watu 30 wakafa, wengi wao wakiwa vijana wa bodaboda. Zaidi ya miaka 10 baadaye, Oktoba 2024, lori jingine lilipinduka Kigogwa, wilayani Wakiso, na jambo lilelile likajirudia. Mwalimu wa kipindi hiki, mwanamke wa Hoima aliyewahi kuwa mratibu wa usafirishaji, hakuwalaumu waliokufa. Alituuliza dereva wetu amefundishwa afanye nini katika dakika za kwanza akiwa peke yake na umati unaosogea na vidumu, nani atakayemsaidia kuufunga mtaa, na kama viongozi wa vijiji vilivyo kando ya barabara tunayopita kila siku wamewahi kukaa na sisi hata mara moja. Utamaduni wa usalama unaoishia kwenye uzio wa kampuni unawaacha nje watu ambao lori litawaangukia. Ningependa kipindi hiki kiwe cha siku nzima, na wenyeviti wa vijiji waalikwe.

Hapohapo aliunganisha na maporomoko ya Agosti 2024 ya dampo la taka la jiji la Kampala lililoko Kiteezi, yaliyoua zaidi ya watu 30. Dampo lile lilikuwa limejulikana kwa miaka kuwa limepita uwezo wake. Hakukuwa na siri yoyote ya kugundua; kila mtu alikuwa ameuzoea mlima ule na kila siku uliposimama ilionekana kama uthibitisho kwamba utasimama na kesho. Alitutaka tutaje mlima wetu wenyewe, yaani kasoro tunayopita kando yake kila asubuhi bila kuiona tena. Orodha iliyopatikana darasani sitaichapisha, ila kampuni yoyote inaweza kulifanya zoezi hili bila kulipa mtu.

Sasa kasoro. Ya kwanza na kubwa nimekwisha kuigusa: chuo kinauza nafasi kwa yeyote anayelipa, na waajiri wengi hupeleka mafundi na ofisa usalama mmoja huku wakurugenzi wakibaki ofisini. Katika darasa letu walikuwepo wenye madaraka ya kusimamisha uzalishaji wachache mno, na mmoja wao alikuwa akitoka kila mara kupokea simu. Chuo kingeweka sharti kwamba kila kampuni ilete angalau mtu mmoja mwenye sauti juu ya bajeti na ratiba, hata kama watapoteza wateja wachache. Nilipoliuliza hili niliambiwa linafikiriwa.

Ya pili ni vitabu na slaidi. Walimu walizungumza Kiswahili safi na kilieleweka na Waganda, Wakenya, Watanzania na Wakongomani waliokuwepo, jambo ambalo ni faida kubwa katika kambi ambazo watu wa lugha nyingi hufanya kazi kwenye mtambo mmoja, lakini karatasi zote za kwenda nazo nyumbani zilikuwa kwa Kiingereza. Fundi wangu mmoja, mchomeleaji hodari sana, aliyafuata yote darasani na akarudi na kitabu asichoweza kukisoma. Tuliahidiwa toleo la Kiswahili na mpaka ninapoandika halijafika.

Ya tatu ni vibarua. Kozi imejengwa kwa ajili ya watu wenye ajira ya kudumu, wenye jina kwenye orodha na namba ya kadi. Hapa kwetu kazi nyingi za hatari, kama vile kuchimba mitaro, kupakua mabomba na kusafisha matangi, hufanywa na watu walioajiriwa kwa siku na mkandarasi wa mkandarasi, ambaye naye amekubali bei ya chini ili apate kazi. Mtu anayeogopa kwamba kesho hataitwa tena hawezi kusimamisha kazi hata ukimfundisha mwezi mzima. Ile ajali ya Texas City waliyotufundisha wenyewe iliua watu wa wakandarasi, na nilishangaa kwamba hakuna aliyeuvuta uzi huo mpaka kwenye mikataba yetu: nani anailipia siku iliyopotea kazi inaposimamishwa kwa sababu za usalama? Kama mkataba unamkata mkandarasi fedha kwa kila saa ya kuchelewa bila kubagua, basi mkataba huo umeshatoa amri, na hotuba ya asubuhi haitaishinda.

Ya nne ni ufuatiliaji. Tangazo lao linaahidi kwamba walimu watatembelea mahali pa kazi miezi mitatu baada ya kozi. Kwetu ilikuwa simu moja. Hili ni pungufu zito, kwa sababu kujenga ni rahisi kuliko kudumisha. Baada ya kurudi, ripoti za nusura katika kundi langu ziliongezeka ghafla, na mkurugenzi wetu akaingia wasiwasi kwamba hali imeharibika. Nilitumia muda kumweleza kwamba hatari zile zilikuwepo tangu zamani na sasa tunaziona. Alinielewa, na ninamshukuru. Lakini baada ya wiki kadhaa ripoti zikaanza kupungua tena, na sababu niliyoipata kwa kuwauliza mafundi ni kwamba walikuwa hawajasikia kilichotokea kwa zile walizoandika mwanzoni. Sasa kila Jumatatu tunasoma ripoti zote kwa sauti kabla ya kazi, pamoja na nani anashughulikia nini na lini, na ile isiyoweza kutengenezwa tunaeleza kwa nini. Ushauri wa namna hii ndio ambao mwalimu angetupa mapema kama angekuja kututembelea.

Mazoezi ya moto na uokoaji yalifanyika vizuri ila kwa haraka, na wanaohitaji ujuzi huo watafute kozi yake maalumu. Chakula, vyumba na jenereta havina tatizo. Cheti chao kilikubaliwa na mkandarasi mkuu tunayemfanyia kazi, lakini ulizeni kwanza upande wenu, kwa kuwa kila mradi una orodha yake.

Kwa mwenye kampuni ndogo anayeuliza kama alipe, jibu langu ni ndiyo, kwa sharti kwamba aende mwenyewe au ampeleke mtu anayeweza kusema "simamisha" bila kumpigia mtu simu, na aende pamoja na fundi wa zamu ya usiku na angalau kiongozi mmoja wa vibarua wake. Kabla ya kulipa, aombe ziara ya ufuatiliaji iandikwe kwenye makubaliano kwa tarehe, na ikiwezekana iwe saa ya kubadilishana zamu. Kwa ofisa usalama aliyekwisha kusomea fani hii, siku ya kwanza na ya tatu zitamfaa, nyingine atazijua. Kwa anayetafuta muhuri wa kupitia getini tu, zipo kozi za bei nafuu zaidi mjini hapa, na nafasi darasani ni chache.